Bi Tulia na Picha ya Watu Watano

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini ukiliuliza mtaani watu watakukodolea macho. Sema Bi Tulia, na hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka kwenye mlango wa bluu, katikati ya kinyozi na duka la magodoro. Jina hilo limetokana na kazi. Kila anayekaa mbele ya kamera yake huambiwa neno moja tu, "Tulia," na hulisema kwa namna ambayo hata mtoto anayeota meno hunyamaza. Mumewe ni fundi redio, mtu wa utani usiokwisha, na huwaambia wageni kwamba siku ya kumposa alimwaga maneno mengi sana, naye akajibiwa kwa hilo hilo moja.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na hasira zake ziko karibu. Ole wako umwambie, "Nipige tu haraka haraka." Atakufungulia mlango utoke. Kwake picha haipigwi haraka. Kwanza utakaa, utaulizwa umeamkaje, unatoka wapi, huyo mtoto kanuna kwa nini. Kama hukuchana nywele utachanwa. Utafutwa jasho la pua kwa leso safi. Ataangalia kola, ataangalia kifungo, atavuta hapa kwa vidole viwili na kulegeza pale, kisha ndipo atakapokwenda nyuma ya kamera. Sipigi chuku nikisema hakuna aliyewahi kutoka katika studio ile akiwa mbaya, na mtaa wetu una watu wa kila namna.

Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari limetundikwa koti jeusi. Koti hilo limeoa mara nyingi kuliko mwanamume yeyote duniani. Limehitimu vyuo, limeomba kazi benki, limekwenda kujitambulisha kwa wakwe wa kila aina. Ni kubwa mno kwa watu wengi, kwa hiyo Bi Tulia hulibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Ukitazamwa kwa mbele wewe ni meneja, ukitazamwa kwa nyuma wewe ni kamba ya nguo. Pia kuna gauni jeupe la marinda la watoto wa kike, kofia ya kusuka ya mtoto mchanga, tai mbili na mtandio wa hariri. Vyote anavifua mwenyewe, hataki vimnukie mtu.

Maisha yake yangekwenda hivyo mpaka uzeeni, na yangetosha, kama zisingebomolewa nyumba za kando ya reli.

Barabara ilikuwa inapanuliwa. Tingatinga likapita siku mbili, na watu waliokuwa na milango, vitasa na majirani wakajikuta katika ukumbi mkubwa wa mikutano, wamegawana sakafu kwa mashuka yaliyofungwa kwenye kamba. Wapiga picha wa magazeti walifika mapema. Wakapiga na kuondoka. Kesho yake Bi Tulia akafungua gazeti akamwona muuza mboga wake wa siku zote, kapigwa kutokea juu, amekaa chini kati ya sufuria, nywele timutimu, mdomo wazi katikati ya kilio.

"Huyu mbona namjua!" alimwambia mumewe. "Huyu mwanamke hawezi hata kutoka kwenda dukani bila kujiweka sawa. Nani kamwambia ampige hivi? Kamwomba? Kamsubiri hata afute machozi?"

Mumewe akasema gazeti linataka watu waone shida.

"Shida wameiona. Mtu je, wamemwona?"

Akalikunja gazeti, akalitupa chini ya kaunta, na siku nzima alikuwa hasemeki. Jumapili iliyofuata alifunga studio, akamtwisha mumewe nguzo za pazia, yeye akabeba kamera, taa, beseni, kioo, sabuni, kitana na lile koti. Tangu siku hiyo mumewe akapata jina lake: Mzee wa Nguzo.

Kule ukumbini walidhani ni gazeti jingine. Wanawake waligeuza nyuso, wanaume wakakunja mikono. Bi Tulia hakumpiga mtu yeyote picha. Alitandaza pazia lake la kijivu ukutani karibu na bomba la maji, akaweka beseni na kioo, akaweka kiti kimoja cha mbao, akasimama katikati ya ukumbi.

"Mimi ni mpiga picha za familia," alisema. "Anayetaka picha aje anawe uso. Asiyetaka simlazimishi, na bila ruhusa yake sitamgusa hata kwa bahati mbaya."

Wa kwanza kuja alikuwa yule muuza mboga. Alijiosha, akajichana, akajitazama katika kioo muda mrefu mno. Akakaa. Bi Tulia akamsawazishia ukosi, akamwambia atulie, na picha iliyotoka wiki ile ni ya mwanamke aliyenyoosha shingo, anayekutazama kana kwamba wewe ndiye unayepaswa kujieleza.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuita. Kila Jumapili palikuwa na foleni, na kila aliyefika zamu yake aliitwa vile vile: "Nyumba inayofuata!" Hakusema mtu, hakusema familia. Alisema nyumba. Nimeona kwa macho yangu baba mwenye watoto wanne na shuka moja akisimama wima kwa kuitwa hivyo. Kisha Bi Tulia angeuliza mkubwa wa nyumba ni nani, na mkubwa huyo ndiye angepewa kiti, awe ajuza wa miaka tisini au msichana wa kumi na sita anayelea wadogo zake. Picha alizichapa kwenye karatasi yake nzuri, ile ile ya maharusi, akazitia kwenye fremu za kadi. Watu walizibandika kwa pini kwenye mashuka. Ukipita ukumbini ulijua shuka hili ni la nani na lile ni la nani bila kuuliza, na watoto walikoma kupotea njia kwenda kulala.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka likaja tangazo kwamba ukumbi unafungwa. Jumamosi mabasi yangefika. Wanawake na watoto wadogo wangepelekwa kwenye kituo cha mlimani, wanaume na wavulana wakubwa kwenye bweni nyuma ya viwanda, upande wa pili wa mji. Kwa muda, walisema. Muda gani, hakuna aliyesema.

Katikati ya wiki ile Bi Tulia alipiga picha ya nyumba moja ya watu watano. Baba alikuwa fundi uashi, mikono mikubwa, maneno machache. Mama alikuwa mshonaji. Walikuwa na kijana wa miaka kumi na mitano, binti mdogo asiyenyamaza, na mtoto mchanga wa kiume. Kijana ndiye aliyekuwa na umri mbaya: mkubwa mno kwa mlimani, mdogo mno kutengwa na mama yake. Yeye angekwenda na baba.

"Dada, tunataka moja tu," mama alisema. "Tukiwa wote. Kabla hawajatugawa."

Moyo wa Bi Tulia uliuma, na alipoumwa moyo mikono yake ilizidi kazi. Akaamua kuwapa kila kitu alichonacho. Baba akafungwa tai. Mama akatupiwa mtandio wa hariri. Binti akavuliwa kigauni chake cha kijani akavishwa jeupe la marinda, akazunguka mpaka akaona kizunguzungu. Mtoto mchanga akavishwa kofia ya kusuka. Na kijana akapewa koti. Alipobanwa vibanio na kugeuzwa kwenye kioo, alinyoosha mabega, kidevu kikapanda chenyewe. Hakuna aliyewahi kupendeza ndani ya koti lile kama yeye.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizopiga ukumbini. Bi Tulia aliitazama kwenye kompyuta, akajisifu kimoyomoyo, na Ijumaa alasiri akaipeleka mwenyewe.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. "Ahsante, dada," akasema, akaiweka juu ya magunia yaliyokwisha kufungwa.

Sasa, Bi Tulia amekuwa akiwapa watu picha zao tangu ujana wake. Anaijua ahsante inayotoka moyoni na anaijua ya mdomoni.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mdogo wangu, usinifiche. Kuna nini?"

Mama akaichukua tena picha. "Usiniudhikie, dada. Ni nzuri. Nzuri mno. Lakini lile gauni la kijani alilokuja nalo binti, nilimshonea mimi. Na shati la kaka yake. Na kofia ya huyu mdogo, uliyoiweka mfukoni ukamvika yako. Vyote vitatu ni pazia la sebuleni kwetu." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayehesabu mishono. "Siku ile ya tingatinga cherehani ilibaki chini ya ukuta. Vitu vingi vilibaki. Pazia nililichomoa na fimbo yake nikakimbia nalo. Nikakaa hapa nikashona kwa mkono, wote watatu. Nilitaka popote watakapokwenda waende na kitu cha kwetu. Kesho mtu akimwuliza mwanangu, kwenu ni wapi, nyinyi ni watu gani, nilitaka atoe picha aseme, sisi ndio hawa. Sasa atatoa picha ya watu waliovaa vya kuazima."

Bi Tulia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliliona lile gauni la kijani siku ile. Aliuona hata mshono wake, mdogo, ulionyooka, wa mtu anayejua kazi. Aliuona na akaufunika. Yeye anayemwuliza kila mtu kaamkaje na katoka wapi, hakuuliza nguo hizi ni za nini. Alijua mwenyewe, kwa haraka ile ile anayowafukuzia wengine, kwamba watu waliopoteza nyumba wanahitaji kupambwa. Akaona aibu.

"Nimekosea," alisema. Wanaomjua watakuambia neno hilo halitoki kirahisi. "Kesho asubuhi, kabla ya mabasi, tutapiga nyingine. Njooni mlivyo."

"Mimi sirudii."

Ni kijana. Alikuwa amesimama upande wa pili wa shuka, na alikuwa amesikia yote.

"Kijana!" baba yake alimkemea.

"Baba, nimesema sirudii. Kwenye ile nimefanana na mtu. Hii nyingine ya nini? Ya mvulana aliyevaa pazia anayelala chini?" Sauti yake ilipanda ikavunjika, kama zinavyovunjika sauti za umri ule, na hilo likamtia hasira zaidi. Akatoka nje, akawapa kisogo wote.

Nyumbani, mezani, Bi Tulia hakula. Mzee wa Nguzo alijaribu mzaha wa kwanza ukaanguka, akajaribu wa pili, akaacha.

"Kamshawishi huyo kijana basi," alisema mwishowe. "Wewe hushindwi na mtu."

"Nitamwambia nini? Mimi ndiye niliyemvisha koti. Mimi ndiye niliyemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba alivyokuja hakufaa kupigwa picha. Kaniamini. Sasa nimwambie vipi nilikuwa natania?"

Mumewe akasukuma sahani yake. Akainuka akaanza kutafuta shuka jeupe la kurudishia mwanga, maana kule ukumbini umeme ulikuwa umeshakatwa.

Walifika asubuhi na mapema, lakini mabasi yalikuwa yamewatangulia. Yalisimama uani milango wazi, na watu walikuwa wanapakia magodoro. Pazia la kijivu halikuwa na pa kufungwa. Bi Tulia akatazama huku na huku, akaona mlango mkubwa wa ukumbi ambapo mwanga uliingia kwa ubavu na kulala ukutani, laini, bila kivuli kikali. "Hapa," akasema. Ukuta ulikuwa wa saruji tupu, na ulitosha.

Nyumba ile ilikuja ilivyo. Baba alivaa shati lake la kazi, safi, lakini chokaa ya miaka haitoki kwenye mshono. Binti alikuwa na gauni lake la kijani, lenye ua kubwa la pazia katikati ya kifua pale hasa ambapo mama yake alilipima likae. Mchanga alikuwa na kofia yake. Mama akakaa kwenye kiti, mtoto mapajani.

Kijana alikuwa uani, kwenye ngazi ya basi la wanaume, begi mgongoni. Juu ya shati la kijani alikuwa amevaa fulana nzito ya michezo, kulificha, ingawa joto lilishaanza. Mama aliita mara moja. Hakugeuka.

"Piga tu, mama," baba alimwambia Bi Tulia kwa sauti ya chini. "Tutachelewa. Huyo nitaongea naye huko."

"Nyumba hii ina watu watano," Bi Tulia alijibu. "Mimi naona wanne."

Akaanza kuwapanga. Hakuharakisha. Baba akamweka kushoto, nyuma kidogo. Binti akamweka mbele ya baba. Na kulia kwa mama, begani, akaacha nafasi. Haikuwa nafasi ya kusahau. Aliipima kwa mikono yake miwili, upana wa kijana mmoja mwembamba, akamsogeza baba hatua moja ili iwe sawa, kisha akarudi nyuma ya kamera.

"Tulia."

Wakatulia. Hata binti.

Hakubonyeza. Aliinama pale, jicho moja kwenye kamera, akingoja. Mzee wa Nguzo alishika shuka jeupe juu kwa mikono miwili, bila mzaha hata mmoja. Dereva akapiga honi. Msimamizi wa ukumbi akaja anapiga makofi, "Jamani, twendeni, twendeni," akaona watu wanne wamekaa kimya na mwanamke mfupi ameinama, naye makofi yakamwishia mikononi. Waliokuwa wanapakia magodoro wakasimama. Hakuna aliyeita. Hakuna aliyemtazama kijana. Wote wanne waliangalia kamera, kama walivyoambiwa.

Ni kimya hicho kilichomgeuza. Aligeuka atazame kwa nini honi haikujibiwa, na akaona. Watu wake walikuwa pale kwenye mwanga wa mlango, wamejipanga, na kando ya bega la mama yake palikuwa wazi. Mahali hapo pangebaki hivyo kwenye karatasi, mbele ya macho ya kila mtu atakayeonyeshwa picha ile, miaka yote.

Alishuka ngazi. Alitembea polepole mwanzoni, akiwa bado na hasira zake, halafu si polepole. Karibu na mlango alitupa begi, akavua ile fulana kwa kuivuta kichwani, akaingia katika nafasi yake. Ilimtosha barabara.

Mama hakugeuza kichwa, maana alikuwa ameambiwa atulie. Alipandisha tu mkono wake mpaka begani, na kijana akaweka wake juu.

Bi Tulia alitoka nyuma ya kamera. Akamfuta jasho la pua kwa leso, kama anavyomfanyia kila mtu, akaigusa kola ya shati la kijani aiweke sawa, akakuta haina la kurekebishwa.

"Kola hii kashona fundi," alisema.

"Najua," alisema kijana.

Akarudi, akabonyeza.

Siku ile studio haikufunguliwa kwa mtu mwingine. Alichapa picha tano, moja kwa kila mtu, hata kwa mchanga, kwenye karatasi ya maharusi. Alasiri wakapanda mlimani, yeye na Mzee wa Nguzo. Mama alipopewa yake safari hii hakusema ahsante. Aliweka kidole juu ya kijana, akakipeleka kwa baba, kwa binti, kwa mchanga, akafika kwake mwenyewe, na hapo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akamshika Bi Tulia mkono asimwachie.

Kutoka hapo wakavuka mji mpaka kule nyuma ya viwanda. Bweni lilikuwa refu, vitanda vya chuma vimepangwa safu mbili, na lilinuka rangi mpya. Baba alipokea picha yake akawaonyesha majirani wa kitanda cha huku na cha huku, mtu wa maneno machache aliyeyapata ghafla. Kijana alichukua yake akaenda nayo dirishani. Bi Tulia hakumfuata. Alimwona akiisogeza karibu na uso, akiiweka mbali, akiisogeza tena, na moyo wake yeye mpiga picha wa siku nyingi ukawa unapiga kama wa mtu anayengoja majibu hospitalini.

"Baba," kijana aliita, bila kuinua macho. "Mbona hamkuniambia? Kumbe nimefanana na mama."

Baba yake akageukia ukuta, akajifuta macho kwa mkono wa shati.